Ndege Safi Kupita Kiasi

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumamosi, karani wa serkle yetu alipigilia tangazo mlangoni kwa misumari minne. Ninaijua saa kwa sababu king'ora cha karakana kilikuwa kimelia saa kumi kamili, na kutoka lango la karakana hadi serkle, ukipita njia ya kando ya reli, ni mwendo wa dakika ishirini. Serkle ilikuwa nyumba ya matofali ambamo sisi makarani na mafundi wa mtaa tulisoma magazeti na kucheza dama. Tangazo lilisema kwamba baada ya wiki tano kutakuwa na maonyesho ya kazi za mikono. Kila kazi iwe ya mtu mmoja, na iwe sahihi katika kila jambo. Zawadi ya kwanza ilikuwa mashine ya kushona, ya kukanyaga kwa miguu.

Nilipofika nyumbani saa kumi na moja kasorobo, mke wangu alikuwa amekwisha kusogeza kabati.

"Nani amekuambia?" nilimwuliza.

"Mutaa muzima bajua. Mashine itakaa hapa, chini ya dirisha. Weye sasa fanya kazi yako."

Alikuwa akishona blauzi za majirani kwa mkono, na jioni vidole vyake havikuweza kushika hata kijiko sawasawa. Sikubishana naye. Mahali pale chini ya dirisha pakabaki patupu kwa wiki tano. Watoto walikatazwa kukaa pale, nami nilikatazwa kuweka vitabu. Kila nilipoinua macho mezani, niliona sakafu tupu yenye ukubwa wa mashine.

Mwaka ule, muda mfupi baada ya vita, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na kazi yangu karakanani ilikuwa kuchonga vielelezo vya mbao. Fundi wa kalibu hukandamiza kielelezo changu katika mchanga, hukitoa, kisha humimina chuma kilichoyeyuka katika nafasi iliyobaki. Kielelezo kikikosea milimita mbili, gurudumu la chuma nalo hukosea milimita mbili, na mtu huitwa ofisini. Sikuwahi kuitwa. Kwa hiyo, niliposikia kwamba mwamuzi wa maonyesho atakuwa Mzungu mmoja wa uwanja wa ndege aliyewahi kurusha ndege za mabomu vitani, niliamua siku hiyo hiyo kuchonga ndege ya mabomu yenye injini mbili. Padri wa parokia alinipa gazeti la zamani lenye mchoro wa vipimo na picha moja. Sentimita moja ya mbao ingekuwa nusu mita ya ndege. Nilichukua mti wa mulombwa uliokauka miaka minne, na kwa siku kumi na mbili umbo likawa tayari: mabawa, mkia, matairi, na mizinga midogo niliyoitengeneza kwa sindano zilizovunjika za mke wangu.

Kilichobaki ni rangi, na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu picha ya gazeti ilikuwa nyeusi na nyeupe.

Padri alisema ndege zile zilikuwa za kijani, nafikiri, au za kahawia, nafikiri. Neno "nafikiri" halipakwi kwa brashi. Katika mtaa wote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeziona kwa macho yake, fundi wa baiskeli pale sokoni, aliyekuwa askari na kufika Misri. Kila mtu alijua habari zake za vita. Alilinda ndege za mabomu kwa bunduki, na ndege moja ya adui aliiangusha yeye mwenyewe kwa risasi tatu, kwa kuwa mbili za kwanza zilikuwa za kupima upepo.

Kwa bahati mbaya, mtu huyo alikuwa mtani wangu.

Yeye ni wa ukoo wa Mvua, mimi ni wa ukoo wa Uyoga. Kwetu, upande wa Luapula, koo hizi mbili ni watani tangu zamani, kwa sababu uyoga hauoti bila mvua. Mtani ana haki ya kukutukana mbele za watu, kukudanganya, na kuchukua kitu chako anachokiona. Ukikitaka, unakikomboa kwa fedha kidogo. Jambo moja tu limekatazwa, nalo ni kukasirika. Anayekasirika hulipa mbuzi. Shahidi wangu wa pekee, basi, alikuwa mtu ambaye desturi inampa ruhusa kamili ya kunidanganya.

Nilimwendea sokoni nikiwa na daftari.

"We Mvua, leo nakuuliza kwa kweli. Ndege za mabomu ulizoona kule zilikuwa rangi gani?"

Alizungusha gurudumu alilokuwa akilinyoosha na kulitazama kwa makini. "Ilikuwa nyeusi tii, sawa sufuria ya mama-mukwe wako."

Kesho yake nilirudi. "Rangi ya muchanga," alisema. "Ukiiweka chini, huioni. Hata rubani alikuwa anaitafuta kwa mikono."

Siku ya tatu ilikuwa buluu kama mbingu. Siku ya nne ilikuwa nyekundu.

"Nyekundu kwa nini?"

"Rubani wake alikuwa muntu wa Uyoga. Alisikia haya, ndege yote ikaiva." Wateja wake walicheka. Kisha akanyoosha mkono, akanivua kofia. "Na hii kofia, iko rangi gani? Wacha niende kuiangalia ku nyumba."

Nilirudi kichwa wazi. Majibu yote manne niliyaandika daftarini kwa tarehe. Karakanani, kipimo kinachotoa majibu manne kwa kitu kimoja hutupwa. Huyu sikuweza kumtupa, maana hapakuwa na mwingine.

Niliamua kutumia sayansi. Nilipaka vibao kumi rangi kumi tofauti, nikavipeleka kwa mpiga picha mwenye chumba chake karibu na soko, nikamwomba avipige picha kwa mpangilio. Nilitaka kulinganisha kijivu cha kila kibao na kijivu cha gazeti.

"Hakuna muntu ndani?" mpiga picha aliuliza.

"Vibao tu."

"Vitatabasamu?" Lakini alipiga.

Picha ziliponirudia, vibao vitano vilikuwa na kijivu kile kile kabisa, navyo ni kijani, kahawia, zambarau, buluu nzito, na nyekundu ya sanduku la posta. Kwa siku mbili nzima niliichukulia ile ndege nyekundu ya mtani wangu kwa uzito.

Mke wangu ndiye aliyeona njia. Yeye ni wa ukoo wa Mamba, na watu wa Mvua hawana utani na watu wa Mamba. Kwake fundi yule ni shemeji, mulamu, mtu wa kuheshimiana naye. Fundi hana ruhusa ya kumdanganya mke wangu. Alifunga kitambaa kizuri kichwani, akabeba sahani ya karanga, akaenda. Alikaa saa moja na robo. Nilikuwa nimesimama mlangoni aliporudi.

"Amesema hivi," mke wangu alianza, akihesabu kwa vidole. "Ziko ndege za mchana na ndege za usiku. Yako ya ku gazeti ni ya usiku. Juu iko kijani na kahawia, mabaka mabaka. Tumbo iko nyeusi, sababu usiku batu ba chini basiione."

Nilikimbilia gazeti. Juu ya ndege palikuwa na vijivu viwili, na tumbo lilikuwa jeusi. Kila kitu kilikubaliana. Nilitaka kumkumbatia, lakini bado alikuwa na kidole kimoja hewani.

"Tena amesema iko muchafu."

"Nini iko muchafu?"

"Ndege. Nyuma ya kila injini kuko alama ya moshi ndefu, sawa ukuta wa jiko. Mafuta inatiririka. Na kwa bawa la kushoto, karibu na mwili, rangi imetoka, sababu batu banakanyaga pale pa kupandia. Amesema, mwambie asisahau uchafu."

Nilicheka. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba mtani wangu alijua nani amemtuma, na kwamba maneno yale ya mwisho hayakumlenga yeye mke wangu, yalinilenga mimi. Uyoga unaombwa uipake ndege yake masizi mbele ya mwamuzi! Utani mtupu.

"Lakini alisema bila kucheka," mke wangu alisema.

"Ndiyo kazi yake."

Nilitazama tena picha. Nyuma ya injini kweli kulikuwa na michirizi myeusi. Niliichunguza kwa lenzi ya kusomea, nikaamua kwamba ni kosa la wino wa mpiga chapa. Niliandika hivyo daftarini, na daftari bado ninalo.

Rangi zenyewe hazikuuzwa dukani kwa namna nilivyozitaka, kwa hiyo nilizitoa ardhini. Kahawia ilipatikana katika kichuguu nyuma ya nyumba, udongo uliochujwa mara tatu kwa soksi. Nyeusi ilikuwa masizi ya makaa. Kwa kijani nilichukua mawe ya shaba yanayodondoka kwenye mabehewa kando ya reli, yale ambayo watoto huyaokota na kuyachezea, nikayatwanga katika kinu ambamo mke wangu hutwanga sombe, majani ya muhogo. Nilijifunza jambo ambalo halikuwa katika kitabu chochote nilichokuwa nacho, kwamba jiwe lile kadiri unavyolisaga laini, ndivyo kijani chake kinavyopauka. Ndege za vita hazipauki. Ilinibidi nikomee katikati, kisha niongeze masizi kwa ncha ya kisu. Nilijaribu mara kumi na saba. Kinu hakikufaa tena kwa chakula, na kwa wiki mbili mke wangu alitwanga sombe kwa jirani, akieleza kila siku kwa sauti ya kunifikia kwamba kinu chake kimejiunga na jeshi.

Ndege ilikwisha siku moja kabla ya maonyesho. Iling'aa. Hapakuwa na alama ya kidole wala unywele wa brashi. Niliilaza juu ya pamba ndani ya sanduku la mbao na nikalala vizuri.

Jumapili ya maonyesho, saa moja na dakika kumi asubuhi, niliiweka juu ya meza yangu katika ukumbi wa serkle, kati ya kanisa lililojengwa kwa njiti za kibiriti na kitambaa cha meza chenye tausi kumi na mbili. Kisha tukaenda misa, mimi na mke wangu. Mwamuzi alitarajiwa saa tatu. Tulirudi saa mbili na dakika thelathini na tano.

Mtani wangu alikuwa amesimama kando ya meza yangu, kofia yangu kichwani, vidole vyake vyeusi hadi kwenye viungo.

Nyuma ya kila injini palikuwa na mchirizi mrefu wa masizi na grisi ya mnyororo wa baiskeli. Tumbo lilikuwa na matone ya mafuta. Matairi yalikuwa na matope. Na kwenye bawa la kushoto, karibu na mwili, rangi yangu ya jaribio la kumi na saba ilikuwa imekwanguliwa kwa spoku ya baiskeli mpaka mbao ikaonekana.

"Nimekupakia mafuta, Uyoga," alisema. "Ulikuwa umekauka."

Nilikumbuka mbuzi. Nilivuta pumzi na kuhesabu hadi ishirini kwa Kifaransa, kwa sababu ndicho huhesabika polepole zaidi. Mke wangu hakuwa na mbuzi wa kuogopa. Alimkimbiza kuzunguka kanisa la njiti akiwa na mwavuli uliofungwa.

"Mulamu, ngoja! Mulamu, nilikuambia muchafu, haukumwambia?" mtani wangu alilia akikimbia.

"Mashine yangu!" Mwavuli ukatua begani. "Umeniulia mashine yangu!"

"Si mimi nilikwambia bila kucheka?"

Nilikuwa nimechukua kitambaa na mafuta ya taa, nikaanza kusafisha. Nilihesabu kwamba dakika ishirini na tano zingetosha kwa injini mbili kama sitagusa matairi. Lakini mwamuzi alifika saa tatu kasorobo. Nilikuwa nimemaliza injini ya kulia tu.

Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono nyuma. Alipita tausi wote bila kusimama. Kwenye kanisa la njiti alisimama kidogo, akahesabu madirisha. Alipofika kwangu aliinama, akavaa miwani, akazunguka meza, akainama upande wa pili. Alikaa hivyo muda ambao sikuupima, na ni muda pekee wa siku ile ambao sikuupima.

"Nani amesafisha upande huu?" aliuliza kwa Kifaransa.

"Mimi, Bwana."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa mchafu."

"Ulipaswa kuwa mchafu," alisema, kama mtu aliyeonyeshwa sahani iliyovunjwa. Alinyoosha kidole kwenye bawa la kushoto bila kuligusa. "Hapa ndipo nilipokanyaga kila usiku kupanda. Hapa hapa. Wewe umejuaje?"

Nilitoa daftari mfukoni, lenye picha za vibao kumi na majaribio kumi na saba ya kijani, nikaanza kulipekua.

Karani wa serkle, mtu wa kanuni, alisogea na kukohoa. Alisema kwamba kwa masikitiko inamlazimu kukumbusha kwamba kila kazi iwe ya mtu mmoja. Mchongaji huyu hajawahi kwenda vitani. Ikiwa kuna mtu mwingine aliyetia mkono, basi zawadi iende kwa kanisa la njiti. Mwenye kanisa alinyoosha tai yake. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameshika mwavuli kwa mikono miwili, na nilijua anaiona ile sakafu tupu chini ya dirisha.

Nikamtazama mtani wangu. Nusu ya wateja wake walikuwa ukumbini, watu waliomnunulia pombe kwa miaka kwa ajili ya zile risasi tatu. Alivua kofia yangu.

"Ni mimi, Bwana," alisema kwa Kiswahili. "Ule uchafu, najua kila fasi yake. Kule Misri nilikuwa naosha ndege. Mwaka muzima na nusu, na kitambaa na petroli. Asubuhi zinarudi chafu, naosha. Kesho tena chafu."

Sauti moja ikatoka nyuma ya ukumbi: "Na ile bunduki?"

"Bunduki yangu ilikuwa kitambaa."

Kicheko kililipuka hadi nje. "Aloo! Risasi tatu za sabuni!" mmoja alipiga kelele. "Adui alianguka sababu aliteleza!" alisema mwingine. Mtani wangu alingoja watulie, kisha akainua vidole vyake vyeusi.

"Mucheke. Lakini ile kitambaa haikukosa ndege hata moja."

Mwamuzi aliomba atafsiriwe, akatafsiriwa, naye akamwendea na kumpa mkono, grisi na yote. Wakazungumza kidogo, mmoja Kifaransa na mwingine Kiswahili, wakionyeshana kwa viganja jinsi ndege inavyogeuka. Nilitumia nafasi ile kumwuliza mwamuzi kuhusu rangi ya mchanga na buluu. Alisema zilikuwepo zote mbili, za mchana, jangwani. Nikaandika. Nyeusi ilikuwa tumboni mwa ndege yangu, kwa hiyo katika majibu manne ya mtani wangu, matatu yalikuwa kweli. Ni nyekundu tu iliyokuwa utani, nami ndiyo niliyoiamini kwa siku mbili.

Ikabaki kanuni ya karani: kazi ya mtu mmoja.

"Mi sikufanya kazi," mtani wangu alisema. "Mi nilifanya utani."

Karani naye alikuwa mtu wa Luapula. Alifikiri, akamweleza mwamuzi kwa Kifaransa kirefu kwamba mtani akiharibu kitu chako huwezi kumdai, wala yeye hawezi kukudai. Kwa desturi, uharibifu ni mali ya mwenye kitu. Mwamuzi aliuliza kama hilo limeandikwa mahali. Karani alisema halijaandikwa, ndiyo maana linafuatwa. Mwamuzi akatia sahihi. Alipunguza alama mbili kwa injini ya kulia niliyoisafisha. Kanisa likawa la pili, kwa tofauti ya alama moja.

Mashine ilikuwa juu ya jukwaa, nyeusi, yenye maua ya dhahabu. Mke wangu alitangulia, akaligusa gurudumu kwa kidole kimoja. Alipogeuka kuniita nisaidie kubeba, mtani wangu alikuwa amekwisha kuiinua begani, meza ya chuma na yote, na alikuwa anatoka mlangoni.

"We! Unapeleka wapi?"

"Nimeiona," alisema bila kugeuka. "Muntu wa Mvua akiona kitu cha Uyoga, si anachukua? Bei ya kukomboa ni faranga mia moja."

Desturi ilinifunga mdomo. Mke wangu haikumfunga. Alimfuata njia nzima hadi sokoni, watu wakiwafuata kama harusi. Alimwuliza nani alimletea karanga. Alimwuliza nani atamshonea suruali ile iliyochanika nyuma, ambayo mtaa mzima umeizoea. Kwenye daraja la mfereji bei ilikuwa sabini. Mbele ya mwokaji mikate ilikuwa hamsini. Mbele ya duka lake la baiskeli alitua mashine, akafuta jasho kwa kofia yangu, akakubali thelathini na tano pamoja na kofia, na suruali ishonwe bure. Kisha akaibeba tena begani na kuirudisha mpaka kwetu, akaiweka mwenyewe chini ya dirisha. Iliingia pale kwa usahihi, ikabaki nafasi ya vidole viwili kila upande.

Ndege bado iko juu ya kabati. Injini ya kulia sijaichafua tena. Kila anayeingia huuliza, na mtani wangu, akiwepo, ndiye hujibu. Kule kwenye pombe hasimulii tena habari ya risasi. Anasimulia habari ya kitambaa, na watu wanamnunulia zaidi.

Mashine kama ile iliuzwa mjini faranga elfu tatu na mia mbili. Nilitoa sitini za mpiga picha, ishirini na mbili za gundi na mafuta ya rangi, mia moja na kumi za kinu kipya cha sombe, na thelathini na tano za ukombozi. Kofia sikuihesabu, kwa kuwa ilikuwa ya zamani. Tuliokoa faranga elfu mbili mia tisa sabini na tatu.